Aliyegongwa Kichwa Hajihukumu Mwenyewe

Juma hili nimeziweka kando habari za bei ya ndizi na ugomvi wa maji ya mifereji, kwani nimeletewa swali lililowagawa watu wa mtaa mzima, na kila upande wadai kwamba haki ni yao.

Mkulima mmoja wa upande wa Kitobo aeleza kwamba mwanawe, kijana wa miaka 16, aligongana na mwenziwe kichwa kwa kichwa katika mchezo wa mpira. Akaanguka, akalala kimya kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha akafumbua macho. Wakammwagia maji, wakamwuliza jina lake, akalitaja. Mwenyewe akasema, "Mimi mzima, nirudisheni." Akarudishwa, akacheza mpaka mwisho. Usiku ule alitapika, na kwa siku 3 hakuweza kusoma kitabu bila kuumwa na kichwa. Sasa, ashukuriwe Mungu, amepona. Wazee wengine wamsifu kijana kwa ushujaa wake, na wengine wawalaumu waliomrudisha uwanjani. Baba yake auliza: "Je, sisi tusio madaktari twaweza kupambanua aliyeumia kweli na asiyeumia? Tutazame nini?"

Jibu langu ni kwamba twaweza, maadam tujue mpaka wa kazi yetu. Kazi ya mtu wa uwanjani si kutibu, wala si kuupa ugonjwa jina. Ni kuamua mambo matatu tu: je, huyu atoke mchezoni? Je, apelekwe hospitali? Je, apelekwe upesi kiasi gani? Mambo hayo hujifunza mwalimu, karani, mkulima au mama wa nyumbani, kama ajifunzavyo kupima mbolea. Lakini sharti moja liko juu ya mengine yote: aliyegongwa kichwa asiulizwe kama aweza kuendelea. Chombo anachokitumia kujipima ndicho kile kile kilichoumia.

UBONGO NDANI YA FUVU

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya maji katika sanduku gumu la mfupa. Kichwa kikipigwa, au hata mwili ukipigwa kwa nguvu kichwa kikatupwa huku na huku, ubongo hutikisika ndani ya sanduku hilo, na kazi yake huvurugika kwa muda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi hudhani kwamba asiyezimia hana mtikisiko. Sivyo. Wengi wa wapatao mtikisiko hawazimii kabisa. Husimama, hutembea, na pengine hufunga bao.

Jambo la pili ni baya zaidi, ijapokuwa hutokea mara chache. Mshipa wa damu waweza kukatika ndani ya fuvu. Fuvu halitanuki kama tumbo; kwa hiyo damu ikivuja hukosa mahali pa kwenda, nayo huugandamiza ubongo. Mtu huyo aweza kusema nawe vizuri kwa dakika kadha, au hata kwa saa kadha, kisha akaanguka.

Sisi wa Kenya tunao mfano wetu wenyewe, nao ni wa kuhuzunisha. Robert Wangila alishinda medali ya dhahabu ya ngumi katika michezo ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kuipata katika ngumi. Mwezi wa Julai mwaka 1994 alipigana na David Gonzalez huko Las Vegas, Marekani. Mwamuzi aliusimamisha mchezo katika raundi ya 9, na Wangila akapinga kwamba bado alikuwa na nguvu za kupigana. Alipokuwa katika chumba cha kuvalia akapoteza fahamu, asizinduke tena. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26. Aliyekuwa akipinga hakuwa mwongo, alisema alivyojisikia. Lakini alivyojisikia na hali ya kichwa chake vilikuwa vitu viwili mbalimbali.

Mfano wa pili haukuishia kwa msiba. Katika fainali ya Kombe la Dunia huko Rio de Janeiro, mwaka 2014, Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani katika dakika ya 17. Mbele ya macho ya ulimwengu mzima aliendelea kucheza kwa karibu robo saa. Kisha akamwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli wa Italia, akamwuliza kama mchezo ule ulikuwa ndio fainali. Hapo ndipo mwamuzi alipotambua kwamba kijana huyo hayuko sawa, akawaarifu wenziwe, na katika dakika ya 31 Kramer akatolewa. Kama hayo yaliweza kupita pale penye madaktari wengi, je, uwanjani petu, ambapo mwenye sanduku la dawa ndiye pia mshika bendera?

TARATIBU YA KUTAZAMA

Katika mambo haya jambo kubwa ni taratibu. Asiye na taratibu hukimbilia penye damu. Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi hata kwa jeraha dogo, nayo hutisha watazamaji. Lakini lile jeraha la kuua laweza lisitoe hata tone moja nje. Kwa hiyo shikeni mpango huu.

Kwanza, mchezo usimamishwe, na mtu mmoja tu ndiye aamuru. Sheria za mpira zampa mwamuzi ruhusa ya kuusimamisha mchezo mchezaji akiumia sana. Halaiki ya watu warudi nyuma.

Pili, tazama kama anapumua. Asiyepumua, wala kuitika, hana nafasi ya kungoja maswali: mlaze chali juu ya ardhi ngumu, uanze kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Jueni kwamba hata pigo la mpira au la kiwiko juu ya kifua cha kijana mzima laweza, kwa nadra, kuusimamisha moyo pale pale. Huyo huponywa na mikono ya walio karibu, si na hospitali iliyo mbali.

Tatu, ifikirie shingo kabla ya kichwa. Kila aliyepigwa kichwa hata akalala chini adhaniwe ameumia shingo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Piga magoti penye utosi wake, ukishike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, umwulize: "Shingo inauma? Mikono au miguu ina ganzi? Hebu chezesha vidole." Akisema shingo inauma, au vidole havina nguvu, au akiwa hana fahamu, basi asikalishwe wala asivutwe kwa mikono kama gunia la mahindi. Hapa naikemea desturi yetu ya wawili kumshika kwapani na kumsimamisha, na ile ya kumnusisha dawa kali ili azinduke. Akinusa hurusha kichwa nyuma kwa ghafula, na mfupa wa shingo uliovunjika waweza kuukata uti wa mgongo. Ikilazimu kumgeuza, ageuzwe kama gogo, watu wanne au watano wakienda kwa sauti ya yule aliyeshika kichwa, ili kichwa, mabega na kiuno vigeuke pamoja. Kisha achukuliwe juu ya ubao.

MASWALI YENYE MAANA

Nne, mwulize maswali. Hapo ndipo walipokosea wale wa Kitobo, kama wakosavyo wengi. Jina la mtu limekaa ndani sana. Hata aliyetikiswa ubongo hulitaja. Mwaka 1995 huko Australia, Maddocks na wenzake walionyesha kwamba kumwuliza mchezaji jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa hakufichui mtikisiko, bali kumwuliza mambo ya karibuni hufichua. Basi ulizeni hivi: "Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha kwanza ama cha pili? Nani aliyefunga bao la mwisho? Mara iliyopita mlicheza na timu gani? Je, mlishinda?" Akikosa hata moja, mchezo wake umekwisha kwa siku hiyo. Wala akijibu yote, hilo peke yake si cheti cha uzima.

Tano, mtazame. Je, amekodoa macho kama asiyekuona? Anajibu polepole kuliko desturi yake? Anayumba akitembea, au amejishika kichwa? Amekuwa mkali, au analia bila sababu? Mwulize juu ya kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona viwili viwili, na kuchukizwa na mwangaza au kelele. Moja tu la hayo latosha kumtoa. Aliye bora kumtazama ni yule amjuaye: ndugu yake, au mwenziwe wa darasani. Mgeni hawezi kujua kwamba Fulani leo anasema polepole, lakini nduguye hujua mara moja.

Ziko na dalili za hatari ambazo hazingoji mjadala, bali gari: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, degedege, usingizi mzito usioamshika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu kulegea, maji meupe au damu kutoka sikioni au puani, na weusi uzungukao macho, au ulio nyuma ya sikio, unaotokea baada ya saa kadha bila jicho au sikio lenyewe kupigwa. Hayo ya mwisho huonyesha kwamba fuvu limepasuka chini.

USIKU WA KWANZA

Aliyetolewa asiachwe peke yake kwa muda wa saa 3 za kwanza kwa uchache, wala asipande baiskeli au pikipiki kurudi kwao. Asinywe pombe. Asipewe aspirini wala dawa za jamii yake za kutuliza maumivu, kwani zaweza kuzidisha kuvuja damu. Wako wasemao kwamba asilale kabisa usiku kucha. Akiisha kutazamwa na tabibu aweza kulala, bali awepo mtu chumbani awezaye kumwona na kumsikia. Na zikitokea zile dalili za hatari, safari ianze usiku ule ule.

Nasema hivi nikiijua nchi yetu. Hapa mjini tuna Hospitali ya Taveta, lakini kazi ya upasuaji wa kichwa si ya kila hospitali. Kutoka hapa mpaka Voi, penye Hospitali ya Rufaa ya Moi, ni zaidi ya kilomita 100, na Mombasa iko mbele zaidi. Njia yenyewe hupita katika mbuga ya Tsavo ambako ndovu huvuka usiku. Upande wa pili, kuvuka mpaka kwa Holili, iko KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Popote mtakapoelekezwa na tabibu, ni mwendo. Kwa hiyo aliye mbali na mpasuaji hana haki ya kungoja sawasawa na aliye karibu naye. Saa moja tuliyoipoteza tukibishana chini ya mwembe hairudishwi na dereva hodari.

BEGA, MKONO NA KIFUA

Kwa viungo vya juu vya mwili ziko hatua nne rahisi za kukumbuka: uliza, tazama, gusa, kisha mwache asogeze mwenyewe. Na kila mara linganisha na upande mzima. Mungu ametupa viungo viwili viwili, na kile kizima ndicho kipimo cha mwenzake.

Bega lililoteguka hupoteza uviringo wake. Huonekana la pembe kama kona ya meza, na mwenyewe huushikilia mkono asitake usogee. Pima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega, umwulize kama anahisi sawa na upande wa pili, maana mshipa wa fahamu upitao hapo huumia kwa urahisi. Kisha ufunge mkono kwa kitambaa kama ulivyoukuta, umpeleke. Wako mafundi wa kijijini wajisifuo kwa kuvuta bega kwa kukanyaga kwapa. Nawasihi waache. Pengine mfupa umevunjika pia, na kuuvuta ni kuzikata neva na mishipa ya damu.

Mtulinga, mfupa ule uendao kutoka shingoni mpaka begani, huvunjika mtu aangukapo juu ya bega au juu ya mkono ulionyooshwa. Mwenyewe huja amekishikilia kiwiko kwa mkono wa pili, na ukipapasa mfupa kwa kidole utakuta uvimbe au ngazi. Kitambaa cha shingoni chatosha mpaka hospitali, isipokuwa mfupa ukitokeza ngozi au pumzi ikimwia ngumu.

Sasa sikilizeni habari ya mfupa mdogo usiofahamika. Ukinyoosha kidole gumba, chini yake penye kifundo cha mkono hutokea kijishimo kati ya kano mbili. Mchezaji akianguka juu ya kiganja, kisha kijishimo hicho kikauma kikibonyezwa, usiseme ni mtetemo tu. Yawezekana ule mfupa mdogo ulio chini yake umevunjika. Damu yake huingia kwa njia nyembamba. Ukiachwa bila kufungwa, sehemu yake yaweza kufa, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza mara nyingine haiuonyeshi ufa. Kwa hiyo hufungwa, kisha hupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Karani asiyeweza kushika kalamu na mkulima asiyeweza kushika jembe wataijua thamani ya kijishimo hicho wakiwa wamechelewa.

Kwa kifua, mwambie avute pumzi ndefu. Ubavu uliovunjika humchoma mahali pamoja hasa. Akipumua haraka haraka, au akitema damu, au upande mmoja wa kifua usipoinuka kama wa pili, pafu limeguswa. Mkalishe kitako akiegemea, mkimbize hospitali.

Na jino la ukubwani likingʼoka, lishike kwa kichwa chake, si kwa mzizi. Suuza kidogo, lirudishe mahali pake, au litie katika maziwa, umwone daktari wa meno ndani ya saa moja.

KUREJEA MCHEZONI

Wataalamu wa mataifa waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walitoa mashauri ambayo hata sisi wa vijiji twaweza kuyafuata bila gharama. Siku 1 au 2 za kwanza apumzike, lakini si kufungiwa gizani. Kutembea polepole kwaruhusiwa. Kisha apande ngazi: atembee kwa haraka, akimbie taratibu, afanye mazoezi bila kugusana, tabibu amruhusu, ndipo afanye mazoezi kamili, na mwisho mchezo wenyewe. Kila kipandio kisipungue saa 24, na dalili zikizidi sana arudi chini. Kwa mwanafunzi, darasa litangulie mpira: asiyeweza kumaliza somo hawezi kucheza. Ubongo wa kijana ukigongwa mara ya pili kabla haujapona waweza kuvimba ghafula na kumwua, hata kwa pigo dogo.

Wenye kutunga sheria za mpira duniani wameyakubali haya. Baada ya kuijaribu tangu mwaka 2021, mwaka 2024 waliiingiza katika sheria ruhusa ya mashindano kumbadili mchezaji aliyegongwa kichwa bila kumhesabu katika idadi ya kawaida. Basi hakuna tena kisingizio kwamba timu itapungukiwa.

Neno langu kama karani ni hili: andikeni. Karatasi ndogo yenye saa ya kuumia, namna alivyoumia, kama alizimia na kwa muda gani, maswali aliyokosa, na saa aliyotapika, ifungwe mfukoni mwake aendapo hospitali. Tabibu wa usiku hakuwapo uwanjani. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Jamaa wanaomleta wana fadhaa. Karatasi ile ndiyo shahidi pekee asiyesahau.

Nirudi kwa wazee wa Kitobo. Wamsifuo kijana kwa ushujaa hawakosei kumpenda, lakini ushujaa si kipimo cha afya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, naye kijana hakuficha kwa hila. Alifichiwa na kichwa chake mwenyewe. Wawalaumuo waliomrudisha nawaomba wageuze lawama iwe kazi. Kabla ya mchezo ujao, na mchagueni mtu mmoja asiyeshangilia upande wowote. Apate mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, na kila kapiteni na kila mwalimu akubali mbele ya watu kwamba mtu huyo akisema "Toka," hakuna rufani. Kama ana shaka, shaka hiyo yenyewe yatosha kumtoa mchezaji. Mpira una juma lingine.

Juma lijalo, Mungu akinijalia, nitawajibu wakulima wa Challa na Njukini walioniuliza juu ya zamu za maji. Hadi hapo, kwaherini.